Sayansi ya Raia na Dhima ya Kiswahili: Mfano wa Upimaji wa Mito Karibu na Ahero

Utangulizi

Mji wa Ahero, katika Kaunti ya Kisumu, umejengwa kandokando ya Mto Nyando, katika uwanda wa Kano. Mto huo huteremka kutoka milima ya Nandi na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria. Utambarare wa Kano ndio uliowezesha skimu ya unyunyiziaji ya Ahero, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, kustawisha mpunga. Utambarare huohuo ndio uletao balaa. Mvua inyeshapo Nandi na Kericho, maji huweza kufurika Kano hata kama mbingu ya Ahero haina wingu. Katika mafuriko ya mwaka 2020 na ya mwaka 2024, familia nyingi za eneo la Nyando zililazimika kuhama makwao.

Swali linalozuka ni hili: ni nani ajuaye mapema kwamba mto unapanda? Jibu la kawaida ni mtaalamu na mitambo yake. Hata hivyo, mitambo ni ghali, huharibika, na vituo vyake ni vichache. Mkazi wa ukingoni, kwa upande wake, huuona mto kila siku anapoteka maji, anaponywesha mifugo au anapovuka daraja. Makala haya yanaeleza namna macho ya mkazi huyo yanavyoweza kuwa sehemu ya utafiti, na yanatoa hoja kwamba ufanisi wa kazi hiyo hutegemea lugha sawa na unavyotegemea vipimo.

Dhana ya sayansi ya raia

Sayansi ya raia ni utafiti ambao watu wasio wanasayansi kitaaluma hushiriki katika kuuliza maswali, kukusanya data au kuzifasiri. Jambo lenyewe si geni. Nchini Marekani, watu wa kawaida wamekuwa wakihesabu ndege wakati wa Krismasi tangu mwaka 1900. Istilahi yenyewe ilienea katika miaka ya 1990 ikiwa na maana mbili. Alan Irwin wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliitumia kwa maana ya sayansi inayozingatia mahitaji na maarifa ya raia. Rick Bonney wa Marekani aliitumia kwa maana ya raia wanaoisaidia sayansi kukusanya data. Tofauti hiyo si ndogo: katika maana ya kwanza raia ana kauli, katika ya pili ana mkono tu.

Kwa Kiswahili, uteuzi wa istilahi unahitaji mjadala. Neno "raia" lina asili ya Kiarabu, ambako lilihusu watu walio chini ya mtawala. Leo humaanisha mtu mwenye uraia wa nchi fulani. Lakini mto haumwulizi mpimaji kitambulisho. "Umma" hujumuisha wote, ila humficha mtu mmojammoja. "Sayansi shirikishi" hutaja tendo, lakini huweza kutumiwa hata pale ambapo wakulima wameitwa mkutanoni kusikiliza tu. Makala haya yanatumia "sayansi ya raia" kwa kuwa inamtaja mtendaji, bila kudai kwamba mjadala umekwisha.

Mfano wa Mto Sondu

Barabara itokayo Ahero kuelekea Kisii huvuka Mto Sondu, unaotoka Msitu wa Mau na kuingia katika Ghuba hiyohiyo ya Winam. Katika bonde la mto huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Justus Liebig cha Giessen, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa humu nchini, walianzisha mwaka 2016 mradi wa upimaji wa maji. Mbao za kupimia ziliwekwa katika vituo 13, pamoja na mabango ya maelekezo. Aliyefika hapo alisoma namba iliyoguswa na maji, kisha akaituma kwa arafa. Hakuhitaji zaidi ya rununu ya kawaida.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mwaka wa kwanza, watu 124 walituma vipimo halali 1,175. Vilipolinganishwa na vya mtambo unaojiendesha, vipimo vya raia vilionekana kuwa na usahihi wa kutegemewa. Hata hivyo, asilimia 57 ya washiriki walituma kipimo kimoja tu, na ni 13 pekee waliotuma zaidi ya vipimo kumi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa, lakini, kilichojaza kibaba ni haba na haba ya wachache waliodumu.

Dhima ya Kiswahili

Lugha huingia katika kazi hii kwa njia tatu. Kwanza ni usahihi wa maelekezo. Bango likisema "pima kina cha maji", msomaji anaweza kutumbukiza fimbo mpaka chini ya mto, ilhali ubao huonyesha kiwango, yaani kimo cha uso wa maji kutoka alama maalumu. Kosa la istilahi hugeuka kosa la data.

Pili ni mawasiliano kati ya juu na chini ya mto. Kwenye vyanzo vya Nyando na Sondu husemwa lugha za Kikalenjin; karibu na ziwa husemwa Kidholuo. Onyo linalosafiri pamoja na maji huhitaji lugha ivukayo mipaka hiyo, nayo ni Kiswahili, bila kumeza maarifa ya mito yaliyohifadhiwa katika lugha za wenyeji.

Tatu ni marejesho. Mkulima hutuma namba, lakini maarifa yatokanayo na namba hizo mara nyingi huchapishwa kwa Kiingereza, katika majarida asiyoweza kuyafikia. Asiyejua kipimo chake kimefanya kazi gani hana sababu ya kurudi mtoni kesho.

Mipaka ya mbinu hii

Sayansi ya raia haiondoi wajibu wa serikali. Kipimo si onyo mpaka pawe na ofisi ya kukipokea na kuchukua hatua. Aidha, hakuna mtu anayepaswa kukaribia mto uliofurika usiku kwa ajili ya namba. Hapo mtambo ndio unaostahili kutumwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba raia anaweza kupima kwa usahihi, na kwamba kumdumisha ni kugumu kuliko kumwalika. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi mahususi hapa: kusanifu istilahi, kuyajaribu maelekezo kwa wasomaji halisi kabla hayajapakwa rangi kwenye bango, na kuyarejesha matokeo kwa lugha inayoeleweka barazani. Mkazi wa Ahero aliyetoa macho yake kwa sayansi anastahili kujibiwa kabla maji hayajafika mlangoni.