Urani ya Namtumbo Haiwashi Taa Sumbawanga

Swali ni lile lile, na tangu Julai 30, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, haliniachi nipumue. Naulizwa sokoni Sumbawanga, naulizwa kwenye basi la Mpanda, naulizwa hata na walimu wa fizikia ambao ningetegemea wanisaidie kulijibu: "Mtaalamu, urani ni yetu, umeme tunaomba Zambia, kwa nini wakubwa wanatukataza nyuklia?" Kisha inatajwa Iran, iliyopigwa mabomu Juni mwaka huo huo, na watu wanatikisa vichwa kana kwamba kesi imekwisha.

Hakuna aliyetukataza. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1991, na ibara ya nne ya mkataba huo inatamka kwamba kutumia nyuklia kwa amani ni haki ya kila mwanachama. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika Julai 2009, unakataza mabomu ya nyuklia barani Afrika, haukatazi umeme. Sheria yetu wenyewe, Na. 7 ya mwaka 2003, ndiyo iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki, ile ambayo wafanyabiashara wa nafaka wanaifahamu kwa cheti cha mionzi. Afrika Kusini inazalisha umeme wa nyuklia Koeberg tangu 1984. Misri ilianza mwaka 2022 kujenga vinu El Dabaa, vinne, kila kimoja megawati 1,200, kwa mkopo wa Urusi. Kenya ilitaka kujenga Uyombo, Kilifi, na waliosimama kuupinga mradi ule mwaka 2024 walikuwa wavuvi na wanakijiji wa Uyombo. Hakuna balozi wa Ulaya aliyehusika.

Kinachonichosha hasa ni imani iliyojificha nyuma ya swali hilo: kwamba mwenye urani ardhini tayari ana nyuklia, na asipoiona basi ameibiwa au amezuiwa. Imani hii ni ya uongo, na inatupotezea muda.

Mtu wa Ufipa, huku Sumbawanga, ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kuiamini. Wazee wake walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga malungu, matanuri ya udongo yanayopita kimo cha mtu, wakayapanga mawe ya chuma na mkaa ndani yake, moto ukavuta upepo wenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa jembe. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo la pili, kintengwe, kikasafishwa kwa moto mwingine, ndipo mhunzi akaanza kugonga. Hakuna Mfipa aliyeokota jiwe mlimani akaenda kulima nalo.

Sasa tuiangalie urani kwa jicho hilo. Mwamba wa Mkuju una urani kidogo sana. Tani nzima ya mwamba hutoa gramu mia kadhaa tu. Mwamba unasagwa, unaloweshwa tindikali, na mwishoni unapatikana unga wa manjano unaojazwa kwenye mapipa. Kazi ya mgodi inaishia hapo. Unga huo hauwashi hata balbu ya sebuleni. Kwa vinu vingi, lazima kwanza ugeuzwe kuwa gesi, kwa sababu katika kila atomi 1,000 za urani ya asili, 7 tu ndizo zinazopasuka kwa urahisi na kutoa nishati tunayoitaka. Gesi hiyo inazungushwa kwa kasi ya kutisha ndani ya maelfu ya mashine zilizounganishwa, hadi zile 7 ziwe 30 au 50. Ndiyo kazi inayoitwa kurutubisha urani. Baada ya hapo inarudishwa kuwa unga, inabanwa na kuokwa kuwa vidonge vidogo kuliko ncha ya kidole, vidonge vinapangwa ndani ya mirija ya chuma maalumu, na mirija inafungwa pamoja kwa vipimo ambavyo kosa la unywele halivumiliwi. Ndipo unapokuwa na mafuta ya kinu. Nchi zinazofanya hatua zote hizi kwa kiwango cha biashara ni chache mno. Nyingine zenye vinu zinanunua, na muuzaji hajali mwamba ulitoka Namtumbo au Kazakhstan.

Anayebisha avuke Ziwa Tanganyika. Katanga kuna mgodi wa Shinkolobwe, uliokuwa na urani tajiri kuliko yote iliyojulikana duniani wakati ule. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko. Kinshasa ilipata kinu cha utafiti mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Umeme wa nyuklia ambao Kongo imezalisha hadi leo ni sifuri. Niger inauza urani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini umeme wake mwingi ilikuwa ikiununua Nigeria. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023 Nigeria ilikata laini, na Niamey ikaingia gizani huku urani ikiwa ile ile ardhini. Ufaransa ilifunga mgodi wake wa mwisho wa urani mwaka 2001, na theluthi mbili hivi za umeme wake ni za nyuklia. Falme za Kiarabu hazina mgodi wowote wa urani, ila Barakah wana vinu vinne vyenye jumla ya megawati 5,600.

Wapo pia wanaonionyesha Bonde la Rukwa na kuniambia heliamu inayotafutwa kule chini ni malighafi ya bomu. Heliamu hiyo kweli ni mtoto wa urani na toriamu zilizokuwa zikioza ndani ya miamba ya kale kwa mamilioni ya miaka. Lakini yenyewe haiwaki, hailipuki, na mahali inapohitajika zaidi ni kupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Naomba suala hilo tulifunge.

Kinachotuzuia ni gridi. Kinu cha kawaida cha nyuklia kinatoa megawati 1,000 au zaidi. Kanuni ya wahandisi wa umeme ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia kumi ya gridi yote, kwa sababu siku ukizimika ghafla, na kila mtambo huzimika siku moja, gridi iliyobaki iweze kubeba pengo. Matumizi ya juu ya Tanzania ni kama megawati 2,000. Weka hapo kinu kimoja cha 1,000: kikikatika saa moja usiku watu wakiwa wanapika, nusu ya nchi inapotea kwa sekunde, na nusu nyingine inafuata. Hata Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limegawanywa katika mitambo tisa ya megawati 235. Kibaya zaidi, kinu kilichozimwa bado kinachemka kwa joto la mionzi na kinahitaji pampu za maji kwa siku nyingi. Fukushima, Machi 2011, vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Vilichokosa ni umeme wa kuzungusha pampu, baada ya laini za nje kukatika na tsunami kuzamisha jenereta. Kwa hiyo kinu cha nyuklia kinahitaji gridi imara kabla hakijaipa gridi chochote.

Na gridi ya Ufipa ikoje? Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya Taifa kabisa. Umeme ulikuja kwa laini ya kilovolti 66 kutoka Mbala, Zambia, ukisaidiwa na jenereta za dizeli. Zambia nayo inategemea maji, na mwishoni mwa Februari 2024 ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, maji ya Bwawa la Kariba yakiwa yamepungua kupita kiasi. Mwenye mashine ya kusaga Laela au Matai hahitaji mhadhara juu ya hilo. Anajua mahindi yanavyorundikana kwenye magunia wateja wakisubiri umeme urudi. Mkombozi wake ni njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, inayokwenda kuungana na Zambia. Nguzo hizo ndizo zinazostahili hasira yetu zikichelewa.

Je, kuna nchi zinazostahili kuzuiwa? Kuzuiwa kinu cha umeme chini ya ukaguzi, hapana, hakuna hata moja. Kurutubisha urani ni jambo jingine, kwa sababu mashine zinazoifikisha asilimia 4 ya kinu ndizo hizo hizo zinazoifikisha asilimia 90 ya bomu, na ukishafika 4 sehemu kubwa ya kazi umeimaliza. Ugomvi wa Iran uko hapo. Makubaliano ya 2015 yaliiwekea ukomo wa asilimia 3.67, Marekani ikajitoa mwaka 2018, Iran ikapanda hadi 60. Falme za Kiarabu zilikubali tangu 2009 kutorutubisha kabisa, na hakuna aliyezigusa. Msimamo wangu ni kwamba urutubishaji mpya usiruhusiwe popote nje ya mikono ya kimataifa, na anayewafungia mlango wakaguzi wa nyuklia wa kimataifa kutoka Vienna asiuziwe kitu.

Hapo hapo mlalamikaji ana haki, na sitamnyima. India ilitumia kinu ilichopewa na Kanada kwa ahadi ya amani, ikalipua bomu mwaka 1974, na mwaka 2008 ikaruhusiwa kununua teknolojia ya nyuklia bila kusaini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Israeli haikuwahi kusaini. Mataifa matano makubwa yaliahidi katika ibara ya sita kufanya mazungumzo ya kuondoa silaha zao. Mkataba una umri wa zaidi ya nusu karne na maelfu ya mabomu bado yapo. Wakati huo huo Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na mwaka 1993 Rais de Klerk akalitangazia Bunge. Afrika ina haki ya kuwasema wengine kuhusu mabomu. Tuitumie haki hiyo, badala ya kulia juu ya umeme ambao hatukukatazwa.

La kufanya, kwa haraka. Laini ya Tunduma hadi Sumbawanga ikamilike na vituo vya kupoza umeme viwe na transfoma za akiba. Mashine za kusaga na visima vya vijiji vya pembezoni vipewe sola sasa, visisubiri nguzo. Vinu vidogo vinavyotangazwa siku hizi tusivinunue kwenye karatasi. Urusi ina cha kuelea Pevek tangu 2020, China imeanza chake, tuone hesabu zao za miaka kadhaa kwanza. Vijana wapelekwe kusoma uhandisi wa nyuklia leo, maana mkaguzi mzuri haandaliwi kwa mwaka mmoja. Na tuitumie nyuklia tuliyonayo: mbung'o walimalizwa Unguja kufikia 1997 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, na wafugaji wa Rukwa wanamjua mbung'o ni nani.

Mbunge wako akija kukuahidi kinu cha nyuklia, mwulize gridi yetu ina megawati ngapi, na laini ya Sumbawanga imefika wapi. Usimwachie kipaza sauti hadi akujibu.