King Kong na Subira ya Watazamaji

Tangu Peter Jackson wa New Zealand alipoitoa upya, mwaka 2005, ile hadithi ya King Kong iliyotengenezwa Marekani mwaka 1933, rai za watazamaji zimegawanyika, na sababu kubwa ni urefu wake. Kwani sinema ya kwanza ilitimiza kazi yake kwa dakika 100 hivi, ilhali hii, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200, yachukua dakika 187, na mtazamaji hungoja zaidi ya saa nzima, sehemu kubwa akiwa merikebuni, kabla hajamwona Kong, yule gorila. Wanaolalamika wana haki, hasa mintarafu ya ile sehemu ya genge la wadudu, ambayo ingepunguzwa pasina hasara.

Walakini mimi ni katika waliosamehe yote kwa ajili ya uso wa Kong, uliotokana na harakati za mwigizaji Andy Serkis zilizonaswa na kompyuta: pale Central Park, usiku wa baridi, jitu lile lenye makovu lateleza juu ya ziwa lililoganda, laketi, lashangaa kama mtoto, na yule bibi, aliyeigizwa na Naomi Watts, acheka kiganjani mwake, hata mzinga wa askari unapoipasua barafu.