Dhahabu: Dai karati na uzito kwenye risiti

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, fedha hutoka mashambani zikaingia madukani Wete, Chake Chake na Mkoani, na sehemu yake huishia kwenye bangili na mikufu. Kwa familia nyingi za Pemba dhahabu ni akiba: huvaliwa harusini, huuzwa siku ya shida. Siku hiyo ya kuuza ndipo mtu hujua alinunua nini hasa.

Kuweka mali kwa njia hii si jambo geni kisiwani. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, mkabala na Wete, ilipatikana hazina ya kale ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Tangu zamani hizo, dhahabu huthaminiwa kwa mambo mawili: uzito na usafi.

Usafi hutajwa kwa karati. Namba inayopigwa ndani ya pete au kwenye kifungio cha mkufu huonyesha sehemu za dhahabu katika kila 1,000:

Karati 24: 999
Karati 22: 916
Karati 21: 875
Karati 18: 750
Karati 9: 375

Mkufu wa gramu 20 wa karati 22 una dhahabu safi gramu 18.3, wa karati 18 una gramu 15 tu. Aliyelipia 22 akapewa 18 amepoteza zaidi ya gramu 3.

Soko la dunia hutaja bei kwa dola za Marekani kwa aunsi, yaani gramu 31.1. Gawa bei hiyo kwa 31.1, zidisha kwa 0.916, kisha badili kwa shilingi: hiyo ndiyo thamani ya gramu moja ya karati 22. Wanaohesabu kwa tola wakumbuke kuwa tola moja ni gramu 11.66. Kinachozidi hapo ni ujira wa sonara, kodi na faida ya duka. Ujira haurudi wakati wa kuuza, hivyo mweka akiba achague bangili isiyo na nakshi nyingi.

Muhuri peke yake hautoshi, kwani huweza kughushiwa. Sumaku nayo haitoshi, maana hata shaba haivutwi. Sonara hupima kwa jiwe la kusugulia na tindikali. Mashine ya eksirei haikwaruzi kito, lakini husoma tabaka la juu tu.

Kwa almasi, karati ni uzito, si usafi: karati moja ni gramu 0.2. Cheti cha Kimberley, kilichoanza mwaka 2003, huambatana na shehena za almasi ghafi. Hakisemi lolote kuhusu ubora wa jiwe la pete. Kwa jiwe lililokatwa, dai cheti cha maabara inayotambulika, kama GIA ya Marekani, na uhakikishe namba yake kwenye tovuti ya maabara hiyo. Cheti hueleza pia kama almasi ni ya ardhini au imetengenezwa maabara. Ya maabara ni almasi kweli, ila bei yake ni ya chini sana.

Risiti itaje karati, uzito wa dhahabu bila mawe, bei ya gramu siku hiyo na ujira. Duka likikataa kuandika hayo, fedha ya karafuu ipelekwe kwingine.