Kosa Lisilofutika: Adha za Mhandisi wa Maunzi

Maunzi, yaani sehemu zote za kompyuta na simu zinazoshikika kwa mkono, huundwa na wahandisi wasiojulikana na watumiaji, na adha kubwa ya kazi yao ni kwamba walichokosea hakifutiki. Mwandishi wa programu, ambayo ni maagizo yanayoiongoza kompyuta, akigundua dosari jioni aweza kusambaza masahihisho kabla ya alfajiri. Lakini njia ya shaba iliyochorwa pasipo pake kwenye bodi ya saketi, ule ubao mgumu unaobeba vijenzi vya umeme na kuviunganisha, itabaki hapo hapo mpaka bodi nyingine ichorwe, iagizwe kiwandani, mara nyingi huko Shenzhen nchini China, na isubiriwe. Ndiyo maana bodi nyingi za majaribio huonekana zimekwanguliwa shaba kwa kisu na kuungwa upya kwa vipande vya waya.

Kosa likiingia ndani ya chipu, kipande kidogo cha silikoni kinachobeba saketi nzima, hata kisu hakisaidii. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati wa Chuo cha Lynchburg katika jimbo la Virginia, Marekani, aligundua katika hesabu zake za namba tasa kwamba chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel iligawanya baadhi ya namba isivyo sahihi. Chipu hiyo ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, zipatazo milioni 3.1, na chanzo cha kosa kilikuwa nafasi tano zilizoachwa tupu katika jedwali lililojengwa ndani ya silikoni ili kuharakisha ugawanyaji. Mwezi Desemba kampuni ilikubali kumbadilishia chipu kila aliyetaka, na hasara ikafika dola milioni 475.

Hata hivyo kosa la Pentium lilikuwa na unafuu wake, kwani namba zile zile zilipogawanywa tena zilitoa jibu lile lile. Kinachowatesa wahandisi zaidi ni hitilafu ijayo na kuondoka. Ufa mdogo katika lehemu, yaani metali inayoyeyushwa ili kushikiza vijenzi kwenye bodi, hufunguka kifaa kinapopata joto na kujifunga kinapopoa, hivyo kifaa kilichozimika mara kumi kwa mteja hufika maabara kimepoa na kufanya kazi siku nzima bila tatizo. Pengine kipimo chenyewe ndicho kinachoficha ugonjwa: ncha ya osiloskopu, chombo kinachoonyesha mwenendo wa umeme kwenye kioo, huongeza mzigo mdogo wa umeme mahali inapogusa, na kwa kuwa ishara kwenye bodi husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ucheleweshaji mdogo unaotokana na mzigo huo waweza kutosha kuifanya ishara iwasili wakati unaofaa. Ncha ikiwekwa, hitilafu hutoweka, ikiondolewa, hurudi. Mhandisi hubaki na ushahidi asioweza kumwonyesha mtu, huku waandishi wa programu wakisisitiza kwamba kosa ni la maunzi na wasimamizi wakiuliza tarehe ya kukamilika, swali ambalo kwa hitilafu ya namna hii halina jibu la kweli, na ni afadhali msimamizi akubali kuambiwa hivyo kuliko kupewa tarehe ya kubuni.

Metali zenyewe nazo zina tabia zake. Kwa muda mrefu lehemu ya kawaida ilikuwa mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, unaoyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme kwa sababu ya sumu yake, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini bati lisilo na risasi huweza kuota nywele nyembamba za metali, polepole na bila kuguswa, hadi zikaunganisha sehemu mbili zisizopaswa kukutana. Nywele za aina hiyo ndizo zilizohusishwa na kuzimika kwa setilaiti ya Galaxy IV mwaka 1998, tukio lililokata mawasiliano ya mamilioni ya peja, vile vifaa vidogo vya kupokelea ujumbe mfupi, nchini Marekani.

Kwa wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam, adha iliyo karibu zaidi ni ya joto. Kapasita ya elektroliti, kikopo kidogo cha alumini kinachohifadhi chaji kwa msaada wa kimiminika, hukadiriwa kupoteza nusu ya maisha yake kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Iliyopimwa kudumu saa 2,000 kwenye nyuzi 105 yatarajiwa kufikisha saa 32,000 kwenye nyuzi 65, zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka mfululizo. Kifaa hicho hicho kikiwa katika chumba chenye joto la nyuzi 10 zaidi, hakifikishi miaka miwili. Kapasita ya saa 5,000 ingevuka miaka minne katika chumba hicho hicho. Mhandisi anayeijua hesabu hii huomba kapasita hiyo ya saa 5,000, na idara ya manunuzi huifuta ili kuokoa senti chache kwa kila kifaa, kisha mnunuzi wa pwani huambiwa kwamba umeme wa kwao ndio mbaya.