Dundumio, Presha na Chumvi ya Mja Mzito

Katika nyanda za juu za Kigoma, tokea Kasulu hata Kibondo, ambako mvua za dahari nyingi zimeyaosha madini joto ya ardhini, rovu lilikuwa maradhi yaliyozoeleka, hata ikalazimu katika miaka ya 1990 sheria ya kutia madini hayo katika chumvi. Maana chumvi ya asili, hata ile ya Uvinza iliyochemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, haina ya kutosha.

Habari hiyo ina mnasaba mkubwa na mja mzito mwenye presha. Tezi ya shingo, yaani dundumio, hulazimika wakati wa mimba kuongeza homoni zake, ziundwazo kwa madini joto, kwa karibu nusu, na Shirika la Afya Duniani limekadiria haja ya mama kuwa mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Zikizuka dalili za kifafa cha mimba, yaani presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, pamoja na protini katika mkojo, kondo lililo dhaifu humwaga katika damu kitu kinachoizuia mishipa midogo kustawi, na tezi, ambayo uhai wake ni mishipa hiyo, hulegea; kadhalika figo hupoteza mkojoni protini zibebazo homoni. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi ilipanda kwa wagonjwa hao, karibu na kujifungua, kupita mara mbili ya kiwango cha mwanzo, ilhali kwa wenzao wazima ilifika kama mara moja na nusu.

Ndiyo sababu naliogopa shauri litolewalo kwa mapenzi na mama mkwe: “Mwanangu, una presha, acha chumvi kabisa.” Tangu 2011 Shirika hilo halipendekezi kumpunguzia mja mzito chumvi kwa ajili ya kumkinga na kifafa cha mimba, na mwanamke alaye ugali wa muhogo, ambao usipolowekwa barabara huacha sumu inayoizuia tezi kupokea madini joto, akiiacha chumvi amejifungia mlango mkuu wa madini hayo. Sisemi kwamba chumvi huponya presha, hasha! Maradhi hayo yana matibabu yake hospitalini, magnesiamu salfeti ikiwamo, na mwisho wake ni kujifungua. Nasema chumvi iwe ya kiasi, yenye madini joto, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na itiwe chakula kikikaribia kuepuliwa.

Upungufu wa homoni ulio dhahiri hutibiwa mara moja. Ule mdogo uliozuka pamoja na presha mwishoni mwa mimba, aghalabu hutengemaa kondo likishatoka, lakini kipimo cha homoni kirudiwe baada ya arubaini hata kama presha imeshuka, kwani huko Norway imeonekana kwamba baadhi ya kina mama waliopata maradhi haya hukutwa na tezi dhaifu miaka mingi baadaye.