Hifadhi ya Kidijitali ya Maandishi ya Muheza: Suala la Kazi na Ujira

Muheza ina nafasi ya pekee katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Huko Magila, katika miaka ya 1890, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza kuchapisha Habari za Mwezi, mojawapo ya magazeti ya kwanza ya Kiswahili. Aidha, pwani yetu ilikuwa na mapokeo ya kale zaidi ya miswada ya hati za Kiarabu. Orodha ya J. W. T. Allen ya miswada iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kuyageuza maandishi hayo kuwa picha za kompyuta si kuyahifadhi. Hifadhi ni kazi isiyokoma, na kila kazi ina ujira wake.

Hebu tupige hesabu. Ukurasa wa A4, ukipigwa picha ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 26. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 26. Na kwa nakala tatu, moja ikiwa mahali pa mbali, tunapata gigabaiti 78. Kiasi hicho hakijazi hata diski moja ndogo. Kwa hiyo mashaka hayapo katika diski, bali katika kumpata mtu wa kukagua mara kwa mara kama faili ni nzima, na kuzihamisha kabla diski hazijachakaa kwa joto na unyevu wa pwani.

Gharama kubwa zaidi ni ya msomaji. Katika tahajia ya zamani, herufi ya ba iliweza kusimama badala ya b, p au mb. Hivyo neno lile lile laweza kusomwa bata, pata au mbata. Skana humaliza kazi yake kwa sekunde chache, lakini ni mjuzi wa lugha atakayeamua iwapo mtunzi anataja ndege, tendo au nazi iliyokauka. Pasipo uamuzi huo hakuna orodha ya kuaminika, na waraka usioorodheshwa ni sawa na uliopotea. Bajeti inayonunua mashine na kumlipa mzee huyo kwa ahsante inakula akiba ya ujuzi wetu.

Yapo, basi, masharti matatu. Kwanza, idadi ya kurasa ipangwe kwa uwezo wa wasomaji na wakaguzi, si kwa kasi ya skana. Pili, ujira wao uwe katika bajeti ya kudumu ya taasisi, kwani fedha za mradi hukoma ilhali faili zingali zinahitaji matunzo. Tatu, karatasi asilia zitunzwe, na vijana wafundishwe kusoma hati hizo wangali wapo wa kuwafundisha. Kurasa 500 zilizosomwa, zikaorodheshwa na kukaguliwa kila mwaka, zina manufaa kwa mtafiti kuliko 5,000 zilizoachwa ndani ya diski isiyo na mwangalizi.