Kabla ya kubadilisha ekzosi ya gari la turbo, wafikirie watoto wa siti ya nyuma

Gari la turbo lenye umri wa zaidi ya miaka 20 si kitu cha ajabu tena katika barabara za Pemba. Subaru Forester iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, au Prado ya dizeli ya miaka ya 1990, ndilo gari la kupeleka watoto skuli asubuhi, ndilo la harusini na ndilo la kwenda kumtazama bibi Konde siku ya Idi. Likifika umri huo, kuna kitu ambacho ni nadra kubaki kizima: bomba la kutolea moshi, ambalo wengi huliita ekzosi.

Kisiwani kutu haina mapumziko. Hewa ya chumvi hulila bomba kwa nje, na maji hulila kwa ndani. Petroli au dizeli inapoungua, hutoka mvuke wa maji pamoja na moshi. Safari ikiwa fupi, tuseme kutoka nyumbani hadi soko la Chake Chake na kurudi, bomba halipati joto la kutosha kuukausha mvuke huo. Maji hubaki ndani ya sailensa na kuitoboa polepole. Ndiyo maana gari linalotembea karibu karibu linaweza kuoza ekzosi mapema kuliko linalokwenda Mkoani kila siku.

Hapo ndipo mazungumzo huanza nyumbani. Kijana anasema: "Mama, tusizibe tena, tuweke bomba kubwa. Turbo itapumua na gari litakuwa na nguvu." Mama anauliza ni shilingi ngapi. Wote wawili wana hoja, lakini swali la kwanza si nguvu wala bei. Swali la kwanza ni hili: moshi unatokea wapi, na nani amekaa karibu yake?

Turbo na bomba lake

Kijana hakosei kabisa. Turbo ni mfano wa feni mbili zilizofungwa kwenye fimbo moja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza, na feni ya pili husukuma hewa safi kuingia ndani ya injini. Fimbo hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Moshi ukishapita kwenye turbo, kazi yake imekwisha. Ukitoka bila kubanwa, turbo huwahi kushika kasi. Kwenye vilima vya Pemba, dereva anaweza kuihisi tofauti hiyo.

Lakini jambo hili lina mipaka. Kompyuta ya gari ilipangwa kiwandani kwa kiasi fulani cha hewa na mafuta. Moshi ukitoka kwa wepesi mno, turbo inaweza kusukuma hewa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Kwenye injini ya petroli iliyochoka, hewa ikizidi na petroli isiongezeke, joto ndani ya silinda hupanda na pistoni inaweza kupasuka. Bomba la inchi tatu lililowekwa bila kuipanga upya kompyuta linaweza kuigharimu familia injini nzima. Kwa gari ambalo halijaongezewa kitu kingine, bomba lenye upana wa kiwandani, au lililozidi kidogo tu, linatosha.

Hewa isiyo na harufu

Ndani ya moshi wa gari mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu na haikerezi koo. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Injini za petroli hutoa nyingi zaidi kuliko za dizeli, hasa asubuhi injini ikiwa bado baridi.

Watoto huathirika mapema kwa sababu hupumua haraka kuliko watu wazima. Mama mjamzito naye yuko hatarini, na aliye tumboni zaidi.

Dalili zake hupotosha. Mtoto analalamika kichwa, anahisi kichefuchefu, anakuwa mlegevu au analala usingizi mzito. Mzazi husema gari limemchafua, au anashuku homa. Kuna alama mbili za kuzingatia: watu zaidi ya mmoja kuumwa kichwa ndani ya gari hilohilo, na mtu kupata nafuu akishuka na kupata upepo. Likitokea hilo, simamisha gari, zima injini, washushe wote na kaeni penye hewa. Mtoto asiyeamka vizuri, anayetapika au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja kwa gari jingine, na daktari aambiwe kuwa amevuta moshi wa gari, kwani tiba ya kwanza ni oksijeni.

Hewa hii huingia kupitia tundu dogo kwenye bomba, gasketi iliyoungua, mpira wa mlango uliochanika au tundu la kutu kwenye sakafu. Huingia pia kwa njia ambayo wengi hawaidhanii: buti iliyo wazi. Gari linapokwenda, upepo hujikunja nyuma yake na kuuvuta moshi kuurudisha ndani. Kufunga buti kwa kamba ili magunia ya karafuu au godoro lipate nafasi, huku watoto wamekaa siti ya nyuma, ni kuwavutisha moshi safari nzima, hata kama ekzosi ni mpya. Mzigo usioenea uende kwa gari la mizigo.

Masega yasitolewe

Magari mengi ya petroli ya umri huo yana chombo kwenye bomba ambacho ndani yake mna matundu madogo madogo mfano wa masega ya nyuki, na mafundi huyaita masega. Yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksidi kuwa hewa isiyo na sumu hiyo kabla haijatoka nje. Kwa sababu ya madini hayo, masega yana soko lake.

Baadhi ya wenye magari huambiwa kuwa masega yanaziba na ni bora yatolewe. Kweli, masega ya zamani huweza kuziba na gari likawa zito. Lakini yakiziba hubadilishwa. Chombo hakiachwi kitupu. Yakitolewa, sumu inayotoka huongezeka sana, na hapo tundu lolote la bomba huwa hatari zaidi kwa walio ndani. Fundi akisema yamekufa, mwombe aonyeshe, na akibadilisha, mwenye gari ana haki ya kukabidhiwa yale ya zamani.

Inafaa pia kujua kwa nini yalikufa. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini au turbo inaunguza oili. Moshi mweusi huonyesha mafuta yamezidi au hewa imepungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huenda ni maji ya rejeta. Hakuna kati ya hayo linaloponywa na bomba jipya. Fedha iliyotengwa kwa ekzosi kubwa huenda ikahitajika kwanza kwa turbo yenyewe.

Namna ya kukagua

Ukaguzi wa awali hauhitaji mashine. Fanyeni asubuhi, nje penye upepo, injini ikiwa baridi na watoto wakiwa mbali. Mtu mzima mmoja awashe gari. Mwingine avae glavu nene, akunje kitambaa na kuziba sehemu ya mdomo wa bomba kwa sekunde chache tu, akikaa upande ili asivute moshi. Mlio wa "sss" au tiki tiki chini ya gari ni dalili ya upenyo. Gari likizimwa, michirizi myeusi ya masizi kwenye maungio huonyesha pahala penyewe. Upenyo ulio kabla ya turbo huiba nguvu na kuongeza matumizi ya mafuta; ulio baada ya turbo huleta kelele na moshi. Mara nyingi kuziba upenyo huo kunarudisha nguvu ambayo kijana alikuwa akiitafuta kwenye bomba kubwa.

Ikiwa familia imeamua kubadilisha, mambo haya wakubaliane na fundi kabla hajakata chuma.

Kwanza, malighafi. Kwa hewa ya pwani, stenlesi hudumu kuliko chuma cha kawaida. Bei yake ni kubwa mwanzoni, lakini chuma cha kawaida kitahitaji kuchomelewa tena na tena.

Pili, mwisho wa bomba utokeze nje ya bampa. Bomba linaloishia chini ya gari hupeleka moshi sakafuni.

Tatu, gasketi ziwe mpya, na sensa ya oksijeni irudishwe mahali pake. Taa ya injini ikiwaka baada ya kazi, kazi haijakwisha.

Nne, sailensa ibaki. Ngurumo ya saa tano usiku humwamsha mtoto wa nyumbani na wa jirani, na haiongezi mwendo.

Tano, fundi aendeshe gari hilo bila watoto ndani, kisha bolti zikazwe tena baada ya siku chache, kwa kuwa joto huzilegeza.

Baada ya hapo yabaki mazoea. Gari lisipashwe moto kando ya dirisha la chumba cha kulala. Watoto wasisubiri ndani ya gari lililowashwa ili wapate kiyoyozi huku limesimama. Ukisikia sauti ya ekzosi imebadilika ghafla, fungua madirisha yote na lipeleke gereji siku hiyohiyo. Safari ya skuli ya kesho isubiri, au watoto wapande daladala.